Kiyoyozi, kipoza cha maji au neti ya kivuli? Kupoza gari la kulala ndani ukienda Chalbi

Shemeji yangu amenunua HiAce ya paa refu, na fundi wa Kariobangi anakaribia kummalizia kitanda, kabati na jiko. Januari anataka kuwapeleka watoto kaskazini: Marsabit, kisha washuke Maikona, wakatize jangwa la Chalbi hadi Kalacha na North Horr, wamalizie Loiyangalani wakalione Ziwa Turkana. Kila akinipigia simu swali ni lile lile: "Shemeji, niweke kiyoyozi juu ya paa, au nichukue kile kipoza cha maji?"

Mimi na mume wangu tumelala kwenye gari letu njia hiyo mara tatu. Safari ya kwanza tulibeba kipoza cha maji, ya pili tukafunga kiyoyozi, ya tatu tukarudi kwa maji. Jibu langu kwa shemeji ni kwamba kwa njia hiyo na mwezi huo, aanze na neti ya kivuli, afuatishe kipoza cha maji, na kiyoyozi akiache dukani. Lakini jibu hilo hilo halimfai mtu anayeteremka Mombasa, na kwa mwenye mtoto mchanga linaweza kuwa la hatari. Ndiyo maana naliandika kwa kirefu.

Nairobi haimfundishi mtu joto

Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida ni nyuzi 25 hivi. Ukiingia duka la vifaa vya umeme la mtaa wa Luthuli na kuomba wakuwashie kifaa chochote cha kupoza, hewa inayokupiga usoni itakuwa baridi, nawe utatoa pesa. Hujajua lolote bado. Chalbi iko kwenye mita 400 hivi tu, ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na katikati yake hakuna mti wa kukuegemeza. Safari yetu ya kwanza, kipimajoto tulichokitundika juu ya sinki kilisoma 44 saa tisa alasiri, wakati nje, kivulini mwa gari lenyewe, kilikuwa 38. Hizo nyuzi sita za ziada hatukuzikuta jangwani. Ni gari letu lililozizaa.

Na hapo ndipo ulinganisho unapopaswa kuanzia. Kabla ya kuuliza kipi kinaondoa joto vizuri zaidi, uliza joto linaingilia wapi.

Neti ya kivuli dhidi ya kila kitu kingine

Paa la HiAce ndefu lina karibu mita 9 za mraba. Jua la utosini huku kwetu karibu na ikweta, anga likiwa safi, humwaga wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba. Zidisha: kilowati 9 zinalipiga paa lako saa sita mchana. Ni kama birika nne na nusu za umeme za wati 2,000 zimewashwa juu ya vichwa vya watoto. Si zote zinazoingia ndani, na paa jeupe hurudisha sehemu kubwa, ilhali jeusi au la kijivu kilichokolea humeza karibu yote. Sasa tazama upande wa pili wa mizani: kiyoyozi kikubwa cha kufungwa juu ya paa, kile cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kinaondoa kilowati 4 hivi za joto. Ukikiacha kipambane peke yake na jua, kitaunguruma mchana kutwa na bado mtatoka jasho.

Neti ninayoisema ni ile nyeusi au kijani wanayofunikia vitalu vya miche. Inauzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo. Omba ya kuzuia asilimia 80. Siri yake ni nafasi. Ukiitandaza moja kwa moja juu ya bodi, neti itapata moto na kuupitisha kwenye bati. Inyanyue kiganja na nusu juu ya paa, kwenye keria au vibomba vya alumini, upepo upite katikati. Zile Land Rover za zamani zilizotengenezewa nchi za joto zilikuwa na paa la pili lililoachana na la kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Paneli za sola nazo, zikifungwa kwa kuachiwa mwanya chini, hufanya kazi ya paa la pili huku zikichaji betri.

Sisi tuliongeza upana wa neti ikateremka upande wa magharibi kama ushungi. Nilipoweka kiganja kwenye bodi nje ya neti, sikuweza kukiacha hata kwa hesabu ya tatu. Chini ya neti, bodi ile ile, nilikiacha kikakaa. Hakuna betri wala pampu, na hakuna kitu cha kuharibika isipokuwa kamba.

Vioo ni jambo la kutiliwa maanani vilevile. Wengi wetu tuna lile pazia la kung'aa linalowekwa nyuma ya kioo cha mbele. Linasaidia, ila jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani, na sehemu ya joto inabaki imenaswa kati ya kioo na pazia. Funika kwa nje. Turubai jeupe lenye kulabu za kushika kwenye milango linatosha kabisa.

Egesha kwa akili pia. Mlango wa kuteleza wa HiAce zetu uko kushoto. Ukielekeza pua kusini, mlango unatazama mashariki, na kuanzia saa saba mchana unafungukia kivulini. Januari jua limeegemea kusini, kwa hiyo kioo cha mbele ndicho kitakachopigwa. Ndiyo sababu kifuniko cha nje si cha hiari.

Kuhusu kuhami kuta na dari, yaani kuzizuia zisipitishe joto, kwa ubao wa povu: fanya, sentimita 2 au 3 zinatosha, na fanya kabla fundi hajapigilia mbao za dari. Shemeji, kama yako imeshapigiliwa, mwambie aifungue. Utalia siku moja badala ya kulia kila mwaka. Ila kumbuka kinachozuia joto kuingia mchana hulizuia pia kutoka usiku, hivyo jua likizama fungua kila kinachofunguka.

Kipoza cha maji: mtungi wenye feni

Nyumbani kwa bibi yangu Kitui kulikuwa na mtungi wa udongo kwenye kona ya jikoni, umekalishwa juu ya mchanga. Tumbo lake lilikuwa na unyevu wakati wote, kama mtu anayetoka jasho. Tulipotoka shule na jua, tulipigania kikombe, kwa sababu maji yake yalikuwa baridi ya kutuliza koo bila kuuma meno. Maji yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na mvuke huo unaondoka na joto la mtungi. Wakulima wanaohifadhi mboga kwenye vibanda vya kuta za mkaa uliolowanishwa wanatumia kanuni hiyo hiyo. Kipoza cha maji ni mtungi huo uliowekewa feni: pampu ndogo inalowesha pedi, feni inavuta hewa ya moto kuipitisha kwenye pedi, na hewa inatoka imepoa.

Nguvu yake inategemea ukavu wa hewa, na kaskazini ukavu ni wa bure. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 15 haiwezi kushushwa na maji chini ya nyuzi 21 hivi. Pedi nzuri hufika karibu asilimia 70 ya safari hiyo, kwa hiyo tarajia hewa ya nyuzi 26 au 27 ikitoka mdomoni mwa kifaa. Chukua kifaa hicho hicho Mombasa, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70: kitakupa nyuzi 29 na shuka zenye ukungu. Si kibovu, kimepelekwa mahali pasipo pake. Hata huko kaskazini, mvua za Aprili zikianza kunyesha, faida yake inapungua.

Hesabu ya umeme ndiyo iliyonishawishi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke ndani ya saa moja huondoa joto sawa na wati 670 hivi. Kifaa kinachotumia lita 3 kwa saa kinakupa kilowati 2 za ubaridi, na feni pamoja na pampu yake vinakula wati 50. Saa sita nzima ni ampea-saa 25 tu (kipimo cha umeme uliohifadhiwa kwenye betri) za betri ya volti 12. Paneli moja ya wastani inairudisha siku hiyo hiyo.

Kosa tulilofanya safari ya kwanza nataka lisirudiwe na mtu. Tulifunga madirisha yote, kama wafanyavyo watu wenye kiyoyozi. Nusu saa baadaye kuta zilikuwa na majimaji, mto wa mtoto umelowa, na kipimajoto hakikushuka tena. Mvuke uliokuwa utoke na joto ulikuwa umefungiwa nasi ndani. Kipoza cha maji kinataka dirisha la upande wa mbali lifunguliwe, sisi huacha upana wa kiganja, ili hewa mpya iingie kupitia pedi na ile iliyochoka itoke. Tulipofungua, ndani ya dakika kumi mwanangu mdogo aliacha kulalamika na kulala. Sauti ya ile pampu, maji yakidondoka taratibu kwenye trei, bado naihusisha na usingizi wake.

Sasa maji yenyewe. Kwanza ubora wake: maji ya visima vingi huko yana chumvi, na ya Ziwa Turkana yana magadi, usiyatie kabisa. Kila lita inayopotea angani inaacha chumvi yake kwenye pedi, na baada ya siku chache utaona ukoko mweupe, mgumu, hewa haipiti. Mwaga maji ya trei kila jioni, na ukirudi loweka pedi kwenye maji yenye siki.

Pili ni jambo zito zaidi. Lita 3 kwa saa, kwa saa sita, ni lita 18. Karibu jerikeni nzima, kwa siku moja, ili sisi watalii tulale mchana. Sehemu hizo zilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua zilizokosekana kuanzia mwisho wa 2020. Tumeegesha karibu na kisima tukaona akina mama wamepanga jerikeni za njano tangu alfajiri, punda wamesimama wakisubiri zamu. Sikuweza kujiunga kwenye foleni ile kwa ajili ya feni, na sitamshauri yeyote afanye hivyo, hata kama ana pesa za kulipia. Mji wa Marsabit wenyewe mara nyingi hauna maji ya kutosha. Kwa hiyo sisi hujaza jerikeni tatu za kipoza huku chini, kabla ya kupita Isiolo, mbali na maji ya kunywa. Ni kilo 60 za mzigo. Tunakiwasha kuanzia saa saba hadi saa kumi na moja tu, lita 12 kwa siku, na jerikeni tatu zinatupitisha siku tano za moto. Kama gari lako haliwezi kubeba mzigo huo, hesabu kwamba huna kipoza cha maji.

Kiyoyozi: kizuri chenye njaa

Nikisema shemeji akiache, si kwamba kiyoyozi, au eisi kama tunavyoiita wengi, ni kibaya. Ubaridi wake ni wa uhakika, hakihitaji tone la maji, kinakausha hewa badala ya kuilowesha, na ukifunga madirisha kinakuepusha na vumbi. Pwani hakuna mpinzani wake. Tatizo ni umeme.

Safari ya pili tulikuwa na kiyoyozi cha paa, betri za lithiamu za jumla ya ampea-saa 200, inverta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, na sola ya wati 400. Aliyetufungia alitupa mkono akasema, "Mama, hapo mmemaliza, mtalala kama mko Limuru." Kalacha, saa saba mchana, tukakiwasha. Kwa saa nzima ilikuwa raha tupu. Dakika ishirini baadaye inverta ikapiga kelele mara tatu ikazima. Friji nayo ikazima, dawa ya mama mkwe ilikuwa ndani yake, na jua lilikuwa bado na saa nne za kuwaka. Tulitumia alasiri yote tumekaa nje upande wa mashariki wa gari, tumejifunika leso zilizolowa, tukimpepea mama.

Nilikuja kuifanya hesabu ambayo yule fundi hakuifanya. Betri za ampea-saa 200 kwa volti 12 ni kilowati-saa 2.5 hivi. Kiyoyozi hicho kinavuta wati 1,400 na ushee, na inverta inakata sehemu yake. Ndani ya saa moja na nusu umemaliza. Kwenye mji wa baridi kompresa, ile mashine ya ndani inayosukuma gesi ya kupoza, hupumzika mara kwa mara, ndiyo maana tulipokijaribu Nairobi kilidumu saa nne. Kwenye nyuzi 40 haipumziki, na kwa kuwa inatupa joto lake kwenye hewa ambayo tayari ni moto, inafanya kazi kubwa zaidi kwa ubaridi mdogo zaidi. Kukiendesha saa sita kunahitaji kilowati-saa 8 au zaidi. Sola yetu ya wati 400, siku nzima ya jua zuri, inatoa 2. Paa la HiAce haliwezi kubeba paneli za kuziba pengo hilo.

Kuna jenereta, ndiyo. Ya kilowati 2 itakula karibu lita moja ya petroli kwa saa ikibeba mzigo huo, na utakuwa umeuvunja ukimya wa Chalbi kwa kila aliye karibu. La muhimu zaidi: moshi wake una gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Iweke mbali, upande ambao upepo unatoka garini kwenda kwake, na usiiwashe usiku mkiwa mmelala. Hili sibishani na mtu.

Vipo viyoyozi vidogo vya volti 12, vya wati 500 hadi 750, ambavyo havihitaji inverta. Kwa gari dogo lenye kuta na dari zilizowekwa povu vizuri na lenye betri kubwa, kinaweza kuwapoza saa mbili tatu za kuanza kulala. Hicho naweza kukielewa. Bado hakifikii alasiri nzima.

Mambo mawili ya dukani kabla sijaendelea. Kuna visanduku vya kuweka mezani vinavyouzwa kwa jina la AC, ndani vina tangi dogo la maji na nafasi ya barafu. Hivyo ni vipoza vya maji, na vidogo mno. Kiyoyozi cha kweli lazima kiwe na njia ya kutupa joto nje, bomba nene au sehemu yake inayokaa nje ya gari. Na ukiletewa cha mitumba kutoka kwenye gari la Marekani, soma kibandiko: huko ni volti 120 na hezi 60, kwetu ni 240 na 50.

Kwa anayetaka kuviona kwa pamoja:

| | Neti ya kivuli | Kipoza cha maji | Kiyoyozi cha paa |
|---|---|---|---|
| Umeme | hakuna | wati 50 hivi | wati 1,400 na zaidi |
| Maji | hakuna | lita 3 kwa saa | hakuna |
| Madirisha | wazi | moja wazi upande wa mbali | yote yafungwe |
| Chalbi, Januari | lazima | kinafaa sana | umeme hautoshi |
| Mombasa, Lamu | inasaidia | hakifai | kinafaa, ukipata pa kuchomeka |
| Kinachosumbua | upepo mkali | chumvi kwenye pedi | betri, inverta, uzito |

Feni, leso na mlima

Feni ya dari inayotoa hewa nje ni ya lazima kwa usiku, haina mjadala; inakula ampea 2 au 3. Mchana ni jambo tofauti. Shirika la Afya Duniani linashauri feni itumike joto likiwa chini ya nyuzi 40, kwa sababu juu ya hapo inakupulizia moto mwilini. Ukivaa leso mbichi mabegani hali inabadilika, maana sasa wewe ndiye mtungi. Leso moja, nusu lita ya maji, kila saa. Hakuna kifaa chenye matumizi mazuri ya maji kuliko hicho, kwa kuwa kinampoza mtu badala ya kupoza gari zima.

Loiyangalani hutahitaji feni. Upepo wa Turkana, ule ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme iliyo kusini mwa mji huo, huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi. Teremsha neti kabla ya giza, fungua kidogo upande usiopigwa, na ufunge mlango wa dari usije ukang'olewa.

Na kuna ubaridi ambao haununuliwi. Mji wa Marsabit uko mlimani, karibu mita 900 juu ya Chalbi, na asubuhi zake zina ukungu. Tofauti hiyo ya kimo ni nyuzi sita au zaidi. Panga siku mbili jangwani badala ya nne, uondoke Marsabit alfajiri, uwe umeshaegesha na kufunga neti kabla ya saa tano. Watoto wa shemeji watalifurahia jangwa zaidi wakiliona saa kumi na mbili asubuhi kuliko saa nane mchana wakiwa wamelala hoi.

Nani achukue nini

Ukiwa kama shemeji, familia yenye afya, mwezi mkavu, njia ya kaskazini, chukua neti, vifuniko vya nje vya vioo, feni ya dari na kipoza cha maji cha volti 12. Pesa utakazobakiza weka kwenye jerikeni imara na ubao wa povu.

Ukiwa mtu wa kwenda pwani, na kaskazini ni mara moja kwa miaka, nunua kiyoyozi na ulale penye umeme wa kuchomeka. Kaskazini beba leso na neti.

Ukiwa na pesa kidogo, neti peke yake. Nasema hivi nikimaanisha: kati ya vyote tulivyonunua, hicho ndicho cha bei ndogo kabisa, na ndicho kilichobadilisha zaidi hali ndani ya gari.

Lakini ukiwa na mtoto mchanga, mzazi aliyezeeka, mjamzito, au mtu wa shinikizo la damu au kisukari, usitegemee kifaa kimoja chochote kati ya hivi. Pampu ya shilingi chache ikikwama saa nane mchana, uko saa nyingi mbali na hospitali. Lala kwenye nyumba ya wageni, au subiri nao Marsabit. Jifunze dalili: mtu akianza kuchanganyikiwa maneno, ngozi ikiwa ya moto sana, akitapika au akizimia, usimpe muda. Mpeleke kivulini, mlowanishe mwili wote, mpepee kwa nguvu, na anza safari ya hospitali huku ukiendelea kumlowanisha. Maji yote ya kipoza yatumike hapo. Mama mkwe alipona alasiri ile ya Kalacha kwa sababu tulikuwa na jerikeni moja ambayo haikuwa imeguswa, na tangu siku hiyo kuna moja haiguswi.

Jumamosi nakutana na shemeji Kariobangi kupima paa. Nimemwambia aliegeshe gari juani tangu asubuhi, nami nitakuja na kipande cha neti. Tutaifunga nusu ya paa tu, tungoje hadi saa nane, kisha kila mmoja aweke kiganja pande zote mbili kabla hajalipa fundi shilingi nyingine.